Siagi ya Shea na Maneno Yangu ya Mnadani

Kabla hamjawasha jiko, kausheni mikono. Sitanii. Tone moja la maji likiingia kwenye siagi ya shea, kopo mtakalouza leo litaota ukungu kabla mwezi haujaisha, na mteja atakuja kuwatafuta akiwa na kopo mkononi na shangazi yake pembeni. Mimi nimetafutwa hivyo mara nyingi, mpaka nikawa namtambua mwenye malalamiko kwa mwendo wake tu anapokata kona.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ya kutengeneza mafuta ya kujipaka nyumbani. Mimi nimeiacha, kwa sababu mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, na mkono wa namna hiyo haufai kumimina mafuta ya moto. Nimeifanya hapa Isevya, Tabora, kwa miaka mingi kuliko kazi nyingine yoyote, na kazi nimefanya nyingi. Nitawaambia ninayoyajua kuhusu siagi. Pia nitawaambia jinsi nilivyokaribia kuiharibu ngozi ya mtoto wa watu kwa maneno mawili niliyoyatangaza mwenyewe. Hilo la pili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Treni ya Kigoma ilikuwa inapita na mimi nilitaka kujua inaishia wapi. Baada ya hapo nikabeba mizigo stesheni, nikachoma mkaa Sikonge, nikapakia tumbaku Urambo, nikafuatana na warina asali porini. Kila kazi niliishika mpaka nikajua inavyofanyika, halafu miguu ikaanza kuwasha. Kwenye mafuta nilibaki kwa sababu sijawahi kumaliza kuyajua.

Siagi yenyewe niliikuta Mwanza, kwenye duka la mama mmoja aliyekuwa akiipokea kutoka kaskazini mwa Uganda. Ilikuwa bonge la rangi ya maziwa, limefungwa kwenye nailoni, linanukia kama karanga zilizoungua kidogo.

"Hii ni siagi ya mti," akaniambia. "Inatoka kwenye kokwa."

Nikadhani ananitania. Siagi niliyoijua mimi ilitoka kwa ng'ombe. Akakata kipande kidogo, akakiweka kwenye kiganja changu, na kabla sijamaliza kubisha kikawa kimeyeyuka kwa joto la mwili. Wakati huo visigino vyangu vilikuwa na magaga ambayo ungeweza kuficha sarafu ndani yake. Nikapaka siku nne mfululizo. Siku ya tano nikarudi dukani na nauli niliyokuwa nimeiweka kwa safari ya Bukoba, nikanunua ndoo nzima. Bukoba sijafika mpaka leo.

Nilirudi Tabora na ndoo yangu bila kujua chochote. Aliyenifundisha ni Bi. Zuhura wa Gongoni, mama mtu mzima aliyekuwa akitengeneza udi na kusaga liwa za maharusi. Alinikuta uani kwake, maana nilikuwa nimeomba kuazima jiko, nimeweka siagi kwenye sufuria juu ya mkaa unaowaka vizuri, moshi unapanda.

"Unakaanga maandazi?" akauliza.

"Shikamoo, bi mkubwa. Nayeyusha siagi."

"Marahaba. Huyeyushi, unaiua. Nusa harufu hiyo. Nani atapaka uso wake kitu kinachonuka hivyo?"

Akaniondolea sufuria. Akachukua nyingine kubwa, akatia maji, akayaacha yachemke, halafu akaweka ile yangu ndani yake, ikielea kama mtoto kwenye beseni. "Hivi ndivyo tunavyofanya na mafuta ya manukato," akasema. "Moto haugusi mafuta. Moto unagusa maji, maji yanagusa sufuria, na wewe unakaa kimya unasubiri. Kukaa kimya unaweza?"

Nikasema naweza. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi vipimo vyangu ni hivi. Vikombe vitatu vya siagi ya shea, kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti yaliyochujwa, na robo kikombe ya nta ya nyuki iliyokunwa. Nta iyeyuke kwanza, kwa sababu inahitaji joto zaidi, kisha alizeti, na siagi iingie mwisho, moto ukiwa umeshapungua. Inapofika Septemba na Oktoba, Tabora inapokuwa kama ndani ya tanuri, ongezeni nta ifike nusu kikombe, la sivyo mteja akifungua kopo atakuta supu. Mvua zikianza, rudini kwenye robo. Wenzenu wa Dar wana vipimo vyao, na joto lao si kama letu.

Halafu kuna suala la chenga. Siagi ya shea ukiiacha ipoe yenyewe polepole inatengeneza punje ndogondogo, unapaka unahisi kama umejipaka ugali wa jana. Haijaharibika, ila hakuna atakayekuamini. Iyeyusheni tena, kisha wekeni sufuria kwenye beseni la maji baridi na mkoroge bila kupumzika mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Hapo ndipo mnamimina. Hili sikufundishwa na mtu. Nilitupa ndoo mbili kabla ya kuligundua.

Na asali. Sisi watu wa Tabora asali tunaiona inafaa kila mahali, kwenye chai, kwenye kikohozi, kwenye kidonda. Kwa hiyo mwaka wangu wa pili nikasema, kama nta ya nyuki imekubali, asali itakataaje? Nikakoroga kikombe kizima, nikauza makopo kumi na mbili upande wa Kipalapala, kwa wakulima wanaoishi jirani na seminari. Asali haikai pamoja na mafuta. Ilishuka chini ya makopo, ikachacha. Wiki ya tatu akaja mama mmoja, mwendo ule ule niliowaambia.

"Baba Maganga, jana nimelala na sisimizi."

"Pole, mama. Wameingilia wapi?"

"Wameingilia kwenye magoti yangu. Nilijipaka mafuta yako. Baba watoto amehamia sebuleni, anasema kati ya mimi na wale wadudu nichague nani anabaki kitandani."

Nilimpa kopo jipya na nikamwomba anisalimie mumewe. Tangu hapo kwangu asali inakaa mezani.

Sasa nije kwenye lile jambo lenyewe.

Mafuta yalipokaa sawa nikaanza kuyapeleka minadani, Nzega na Igunga na vijiji vya katikati, ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe za ndovu. Nyumbani nilikuwa siwezi kukaa, kwa hiyo mnada ulinifaa. Lakini mnadani bila sauti huuzi. Kila mtu ana kipaza sauti chenye tangazo alilolirekodi, linajirudia kutwa nzima huku mwenyewe anakula muhogo. Nami nikanunua changu, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikarekodi:

"Magaga, kwaheri. Ukavu, kwaheri. Siagi ya mti wa shea, jua halipenyi. Paka, uende shamba."

Hayo maneno "jua halipenyi" niliyatoa wapi? Yule mama wa Mwanza aliniambia kwamba huko inakotoka, watu hupaka wanapokwenda shamba. Ni hivyo tu. Hakusema inazuia jua. Mimi ndiye niliyeongeza, kwa sababu bila maneno hayo tangazo lilikuwa fupi na halikuwa na mdundo. Naandika hivi mjue jinsi uongo wangu ulivyozaliwa. Sikutaka kumdhuru mtu. Nilitaka sentensi ikae vizuri.

Na iliuza. Kuna siku nilimaliza makopo yote kabla ya saa sita.

Miongoni mwa walionunua alikuwepo mama aliyeuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye minada ile ile niliyokwenda mimi. Nilimjua kwa sura na kwa jina la mwanawe, Mama Kabula. Alinunua makopo matatu kwa mpigo. Sikumuuliza ya nini. Nani anamuuliza mteja wa makopo matatu?

Mwezi uliofuata akaja tena kwenye meza yangu pale Nzega. Alikuwa amechangamka.

"Baba, Mungu akuzidishie," akasema. "Mwanangu ana ualbino. Miaka yote namfunika, kofia, mikono mirefu, na yeye hataki, analia kwamba wenzake wanamcheka. Sasa nampaka siagi yako asubuhi, anatoka kichwa wazi. Anacheza mchana na wenzake. Ana miaka tisa na sijawahi kumwona akikimbia hivyo."

Meza yangu ilikuwa imezungukwa na watu sita, saba, wote wanamsikiliza. Juu ya vichwa vyetu sauti yangu ilikuwa inasema jua halipenyi, jua halipenyi. Mimi nilijua. Hata kama sikusoma, nimetembea juani miaka arobaini nimejipaka kila kitu, na jua lilipenya kila siku. Tena watu wenye ualbino nimewaona, nimeona vidonda vya usoni vinavyokuja kuwa saratani. Nilifungua mdomo nimwambie. Wale wateja saba wakanitazama. Nikasema, "Tunashukuru, mama." Akanunua makopo mawili mengine. Nikayapokea malipo.

Nilirudi Tabora. Nikaenda kwa Bi. Zuhura nikamweleza, nikitumaini atasema si kosa langu.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nitamwambia tukikutana. Mnada wa Nzega ni wiki ijayo."

"Kwa hiyo mtoto aungue mpaka wiki ijayo, kwa sababu ratiba yako haijafika."

"Kwao sipajui, bi mkubwa."

"Wewe umejua Kigoma, umejua Mwanza, umejua mpaka mti wa siagi uko wapi. Nyumba ya muuza michembe ndiyo imekushinda?"

Kesho yake kulikuwa na mnada mdogo kwenye kijiji kilicho mbele kidogo ya Nzega, na nilijua michembe haikosi kule. Nikapanda basi la kwanza bila kopo hata moja. Nadhani ni safari ya kwanza maishani mwangu niliyojua ninakwenda kufanya nini.

Niliposhuka, kitu cha kwanza nilichokisikia ni sauti yangu.

"Siagi ya mti wa shea, jua halipenyi."

Nikasimama kama mtu aliyeitwa. Nikaifuata mpaka kwenye meza ya kijana mmoja, Juma, niliyewahi kuuza naye jirani. Alikuwa amelinakili tangazo langu kwenye kadi ya simu yake na anauza mafuta aliyojikorogea mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Usikasirike. Hiyo sauti yako inauza kuliko mimi."

"Marahaba. Izime, Juma."

"Sauti ni yako, mzee, spika ni yangu."

"Ile habari ya jua ni uongo. Niliitunga chumbani."

Akanitazama akiwaza kama ninamtania au ninamwondolea soko. Akapunguza sauti kidogo, hakuizima. Wakati huo nikamwona Mama Kabula, upande wa pili wa njia, amekaa nyuma ya vikapu vyake. Karibu naye alikuwepo mtoto wa kike, kichwa wazi, amevaa gauni la mikanda, anapanga michembe mafungu mafungu. Mabega yake yalikuwa mekundu kama nyama mbichi, na juu ya pua ngozi ilikuwa inabanduka.

Nikavuka njia. Nikachutama mbele yake kama mtu aliyekuja kununua.

"Mama Kabula, mafuta yangu hayazuii jua."

Alidhani hajanisikia vizuri. Nikarudia. Nikamweleza kwamba ni mazuri kwa ngozi kavu, kwa magaga, lakini juani mtoto amepaka au hajapaka ni sawa na bure.

Aligeuka akamtazama mwanawe mabegani. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulijua lini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima ndani ya basi. Ningeweza kusema nimejua jana.

"Nilijua siku ulipokuja kunishukuru."

Alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfunika mtoto kuanzia kichwani mpaka magotini, akamvuta kivulini nyuma ya vikapu. Mtoto akaanza kulalamika kwamba anasikia joto. Mama akamwambia atulie. Halafu akasimama, na alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

"Siku ile uliniuzia mbele ya watu," akasema. "Sasa unakuja kuniambia sikioni. Hapana. Yaseme hayo kwa sauti ile ile."

"Spika ni ya Juma."

"Twende kwa Juma."

Tulikwenda. Juma alipomwona yule mama anavyokuja, aliizima mwenyewe na kunipa kipaza sauti bila kuombwa. Nami nikasema. Nilisema mimi ndiye Maganga, sauti mnayoisikia ni yangu, na habari ya jua niliitunga. Nilisema mwenye mtoto mwenye ualbino asimtoe juani kwa sababu ya mafuta haya wala mafuta mengine ya kukoroga nyumbani. Nilisema kofia, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua inayotolewa hospitali. Mzee mmoja aliyekuwa anapitisha mbuzi akasema, "Leo mfanyabiashara amekuja kuungama." Watu wakacheka, nami nikaanza upya tangu mwanzo, kwa sababu nilitaka wasikie maneno na si kicheko.

Wapo waliorudisha makopo kwa Juma hapo hapo. Nilimwambia nitamfidia kwa mafuta mazuri, na nilimfidia. Jioni hiyo, kabla ya basi, tulirekodi tangazo jingine pamoja: ni ya jioni baada ya kuoga, ni ya magaga na ukavu, jua inaliacha lipite. Juma alisema halina mdundo. Nikamwambia autafute mdundo mwenyewe ila maneno asiyaguse. Alilitumia hilo hilo miaka mingi, na watu walinunua, kwa sababu magaga ni ya kweli.

Lakini mimi sikupanda basi. Mama Kabula alikuwa ameniambia jambo moja tu tangu tulipoondoka mezani kwa Juma: "Kesho hospitali tunakwenda wote." Nikalala nyumba ya wageni, na asubuhi nikawakuta kituo cha basi.

Muuguzi wa ngozi pale hospitali alikuwa dada mpole mwenye miwani. Alimvua Kabula kitenge, akamkagua mabega, masikio, midomo, nyuma ya shingo, pole pole, sehemu baada ya sehemu. Sisi wawili tulisimama ukutani. Sijawahi kusubiri siagi igande kwa namna nilivyousubiri uso wa yule dada.

"Ameungua," akasema mwisho. "Lakini ni ya juu. Sioni kidonda, sioni doa la kutisha. Mmemuwahi."

Mama Kabula akakaa kwenye benchi ghafla.

Walipewa losheni na wakaelekezwa kuipaka kila baada ya saa chache, na kurudi kukaguliwa. Mama akatoa kopo langu kwenye mkoba, akalifungua, akamwonyesha muuguzi. "Na hii je?"

Dada akainusa, akasugua kidogo mkononi mwake. "Mabega yakipona, mpake jioni akishaoga. Ngozi yao inakauka sana. Kwanza jaribu kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili."

Mama Kabula akanitazama. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

Nikarudia. Jioni, akishaoga, mabega yakishapona, kwanza kiwikoni, siku mbili. Na ninyi mnaosoma, mrudie hivyo hivyo kwa kila mteja mpya, mwenye ngozi yoyote.

Tulipotoka nje, jua la saa sita lilikuwa limesimama. Mama yake alipotoa kofia mkobani, Kabula alikataa kuvuka mlango.

"Kofia siitaki," akasema. "Ile ni ya bibi. Ina maua."

"Utavaa," mama yake akasema.

"Wananiita bibi."

Nikauliza kama naruhusiwa kumnunulia nyingine, achague yeye. Mama Kabula akaitikia kwa kichwa. Jirani na stendi kulikuwa na meza ya kofia, na Kabula, ndani ya kitenge chake, alizipita zote za watoto bila kuzitazama. Akasimama mbele ya pama, zile kofia pana nyeusi wanazovaa wachungaji wa Kisukuma wakija mnadani. Akaivaa. Ilimmeza mpaka kwenye nyusi, na ukingo wake ukafunika mabega yote mawili.

"Hiyo ni ya wanaume," mama yake akasema.

"Ni kubwa," Kabula akasema, na hakuivua.

Muuza kofia akakunja karatasi akaiweka kwa ndani ili kofia imkae. Tukaondoka, yeye akitangulia katikati ya stendi mchana ule mweupe, kichwa juu, huku mama yake akimfuata na kitenge begani. Wachungaji wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakamwona. Mmoja akainua fimbo yake kumsalimu.

"Mwenzetu," akamwuliza, "ng'ombe umewaacha wapi?"

Kabula akasukuma ukingo wa pama kwa kidole kimoja, amtazame vizuri.

"Wanakunywa maji," akasema, akaendelea na safari.